Mwaka wa Kawaida: Mvua na Ugawaji wa Maji katika Bonde la Pangani

Mto Pangani hukusanya maji yake kutoka milima iliyozungukwa na nchi kavu, na hali hiyo ndiyo iliyoamua sehemu kubwa ya historia ya watu wanaoutegemea. Kilimanjaro, Meru, Milima ya Upare na Usambara huinuka ghafla kutoka tambarare ambazo mvua zake kwa mwaka mara nyingi hazifiki milimita 600, ilhali katika ukanda wa msitu wa kusini mwa Kilimanjaro, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, mvua hupita milimita 2,000. Pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi hulazimika kupanda zinapokutana na mlima, zikapoa, na unyevu wake ukageuka mawingu na mvua, hata zinapofika upande wa pili huwa zimekwisha kuutua mzigo wake. Ndiyo maana Same na Mwanga, miji iliyo chini ya Milima ya Upare upande wa magharibi, imo katika kile ambacho wanajiografia hukiita kivuli cha mvua, yaani eneo linalonyimwa mvua na mlima uleule ambao ungetazamiwa kulinufaisha. Maji yanayopatikana katika tambarare hizo ni mvua iliyonyesha mahali pengine, wakati mwingine, juu ya mashamba ya watu wengine.

Mvua hiyo huja kwa misimu. Masika, kati ya Machi na Mei, ndiyo mvua kuu ya Kilimanjaro. Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ni fupi na isiyotabirika, ingawa katika sehemu za Upare ndiyo inayobeba matumaini ya mkulima. Na katikati yake hukaa kiangazi kirefu cha Juni hadi Septemba, ambacho mlimani hulainishwa na ukungu na manyunyu lakini huko chini hukausha hata mito midogo. Historia ya bonde hili kwa kawaida huelezwa kuwa ni mvua zinazopungua na watu wanaoongezeka. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi, kwa kuwa yanachukulia kwamba palikuwepo wakati fulani kiwango halali cha mvua ambacho baadaye kiliharibika. Kumbukumbu zilizopo zinaonyesha jambo tofauti: kwamba zaidi ya mara moja wagawaji wa maji walijiwekea kipimo cha mwaka wa kawaida katika kipindi ambacho mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi, wakapanga matumizi kwa kipimo hicho, na mvua zilipopungua lawama zikapanda mlima, zikawafikia wakulima wa mifereji.

Mifereji hiyo, ambayo Uchagani huitwa mifongo, ilikuwepo muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kuiandika. Mfongo huanza ndani ya korongo, mahali ambapo kijito bado kiko juu kuliko mgongo wa ardhi unaokusudiwa kunyweshwa. Hapo hujengwa banio, yaani kizuizi cha mawe, magogo, mabonge ya majani na udongo, na magamba ya migomba ya kuziba nyufa, ambacho hakikusudiwi kuuzuia mto wote bali kugeuza sehemu ya maji yake. Kutoka hapo mfereji hupita ubavuni mwa korongo kwa mteremko mdogo sana, mara nyingine kwa kilomita kadhaa, ukivuka mabonde madogo juu ya magogo yaliyochongwa kuwa mabomba, hadi unapotokea kwenye mgongo wa ardhi na kuanza kugawanyika kuelekea vihamba, yaani bustani za migomba zinazozunguka kila nyumba. Kosa la mteremko halisameheki: maji yakienda kasi hubomoa kingo, yakienda polepole huacha tope na kuzama ardhini. Mafundi waliopima mteremko huo hawakuwa na chombo isipokuwa jicho na maji yenyewe, ambayo waliyafuata hatua kwa hatua wakichimba.

Mfongo ulikuwa mali ya ukoo ulioanzisha uchimbaji wake, na mkuu wa ukoo huo, au mzee aliyeteuliwa, ndiye aliyesimamia zamu, tambiko la kila mwaka na usafishaji wa mfereji kabla ya kiangazi. Aliyekosa kazi ya pamoja bila udhuru alitozwa faini ya pombe au mbuzi, na aliyerudia aliweza kunyimwa zamu yake. Maji ya asubuhi kwa kawaida yaliachwa kwa ajili ya nyumba, na saa zilizobaki ziligawanywa kati ya mashamba. Mila za sehemu nyingi ziliwakataza wanawake kufika kwenye banio, ingawa wao ndio waliochota maji ya kupikia kutoka mfereji huohuo kila kulipokucha. Wale walioyajua maji hayo kwa karibu zaidi hawakuwa na sauti katika mgawo wake, na upungufu huo ungerudiwa baadaye katika kamati nyingi zenye katiba na mihuri. Wamangi, watawala wa Uchaga, waliingilia pale mfongo ulipokatiza mpaka wa himaya mbili au ulipohitaji nguvukazi kubwa kuliko ya ukoo mmoja, na katika vita vya karne ya 19 kukata maji ya adui ilikuwa mbinu iliyofahamika.

Upareni tatizo lilikuwa jingine, na utatuzi wake vilevile. Vijito vya huko ni vidogo kuliko vya Kilimanjaro, na maji kidogo yakiachiliwa kwenye mfereji mrefu wakati wa jua kali huzama ardhini yote kabla ya kufika shamba la mbali. Kwa hiyo palijengwa ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe mwanzoni mwa mfereji au katikati yake, ambalo hujaa usiku kucha na kufunguliwa asubuhi, ili maji yaliyokusanywa yatoke kwa wingi na kwa kasi, yafike mbali kabla ardhi haijayanywa. Yeyote aliyewahi kuona kizibo cha ndiva kikitolewa anaelewa mara moja kwa nini kazi hii haikuweza kufanywa na mtu mmoja, kwani mmoja husimamia mlango, mwingine hukimbia na maji kando ya mfereji akiziba matundu, na wengine husubiri shambani na majembe wakifungua na kufunga vijaruba kabla kasi ya maji haijaisha. Kazi ya kuondoa tope katika ndiva ilifanywa kwa msaragambo, jina la Kipare la kazi ya lazima ya jamii nzima. Vilevile misitu mitakatifu ya koo, ambayo baadhi yake ilifunika vyanzo vya vijito, ililindwa kwa miiko ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa sera ya mazingira.

Mifongo na ndiva, kwa hiyo, vilikuwa njia mbili za kushughulikia mvua isiyotegemeka. Mfongo uliihamisha mvua ya msituni kwenda mahali isiponyesha; ndiva iliyahamisha maji ya usiku kwenda mchana. Vyote viwili vilitegemea sharti moja, nalo ni kwamba kiasi cha maji kingebadilika kila mwaka, na hivyo haki ya mtu haikuwa ujazo fulani wa maji bali zamu, ambayo hufupishwa maji yakipungua na kurefushwa yakiongezeka. Sheria za baadaye zilipobadilisha zamu kuwa lita kwa sekunde, zilipoteza unyumbufu huo, na gharama ya kuupoteza haijapata kukadiriwa na yeyote.

Wageni wa kwanza walioandika juu ya maji haya walifika katika kipindi cha pekee. Tabaka za matope zilizochimbuliwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya zinaonyesha kwamba sehemu hiyo ya Afrika Mashariki ilipitia ukame wa miongo mingi kati ya 1760 na 1840 hivi, na kwamba baada yake mvua zilirudi kwa nguvu. Katika miaka ya 1870 maziwa mengi ya ukanda huu, Ziwa Viktoria likiwemo, yalikuwa juu. Johannes Rebmann, mmisionari wa kwanza kutoka Ulaya kuuona Mlima Kilimanjaro, alifika mwaka 1848. Charles New alifika Moshi mwaka 1871. Harry Johnston alikaa mlimani mwaka 1884. Kwa kalamu zao Kilimanjaro ikajulikana Ulaya kama bustani yenye maji yasiyokwisha, ambayo wenyeji waliyaelekeza kwa ustadi uliowashangaza wageni hao. Maelezo yao hayakuwa ya kubuni. Hata hivyo yaliandikwa mwishoni mwa kipindi cha neema, na kuanzia karibu mwaka 1880 mvua za Afrika Mashariki zilipungua ghafla, maziwa yakashuka, na barafu ya kilele cha Kibo ikaanza kurudi nyuma. Hans Meyer, aliyekifikia kilele hicho pamoja na Ludwig Purtscheller mwaka 1889, aliporudi mwaka 1898 aliona wazi kwamba barafu ilikuwa imepungua. Miaka hiyohiyo ya 1890 ilileta sotoka iliyoteketeza ng'ombe, utawala wa Kijerumani, na mwishoni njaa kali iliyozikumba sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Watawala wapya walianza basi kugawa ardhi na maji katika nchi iliyokuwa kavu kuliko ile waliyoisoma vitabuni.

Walowezi walipewa ardhi hasa katika ukanda wa chini ya vihamba, kati ya makazi ya Wachaga na tambarare, na baada ya reli kutoka Tanga kufika Moshi mwaka 1911 thamani ya ardhi hiyo ikapanda. Kila shamba jipya lilihitaji maji, na maji yote yalipita kwanza mikononi mwa watu wa juu. Waingereza walirithi mvutano huo pamoja na koloni lenyewe, na kufikia mwaka 1923 Tanganyika ilikuwa na sheria ya kusimamia maji ya asili. Katika muongo huo kahawa, iliyoletwa mlimani na wamisionari, ikawa zao la Wachaga wenyewe, ambao mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima kilichotangulia Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU cha mwaka 1933. Kahawa ilihitaji maji ya kiangazi na maji ya kuoshea buni, na kwa hiyo mfongo, ambao zamani ulitumika zaidi kwa ulezi wa pombe ya mbege na kwa migomba, ukawa sasa mshipa wa uchumi wa fedha.

Hapo ndipo ilipozaliwa hoja ambayo ingeishi kwa miongo mingi, kwamba mifongo inapoteza maji. Mwaka 1935 Edmund Teale, mkuu wa idara ya jiolojia, na Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyekuja kuwa mshauri wa maji wa serikali, walitoa ripoti juu ya udhibiti wa maji katika Jimbo la Kaskazini. Uchunguzi wa aina hiyo ulikuja wakati ambapo huko chini palikuwa na madai mapya mazito: mashamba ya mkonge kando ya Pangani, kilimo cha miwa katika tambarare ya Arusha Chini, na mitambo ya umeme kwenye maporomoko ya Pangani, ambayo kampuni ya TANESCO, iliyoundwa mwaka 1931, iliijenga ili kuhudumia Tanga na viwanda vya mkonge. Kwa mhandisi aliyesimama kwenye maporomoko, kila tone lililozama ardhini Machame au Kilema lilikuwa hasara. Kwa mkulima wa Kahe, aliyekuwa na mifereji yake mwenyewe huko tambarare, sehemu ya maji hayo yaliyozama ilijitokeza tena kama chemchemi, maana miamba ya volkano ya Kilimanjaro hupitisha maji kama chujio na kuyatoa chini ya mlima. Neno hasara, kwa hiyo, lilitegemea sana mahali alipokuwa amesimama mpimaji, na haielekei kwamba wapimaji wa enzi hiyo walisumbuka sana kuhamahama.

Serikali ya kikoloni haikuifunga mifongo. Haikuwa na uwezo wa kufanya hivyo, na iliogopa kuwachokoza Wachaga, ambao kodi na kahawa yao ilikuwa na maana kubwa kwa hazina. Badala yake ilijenga juu ya mila sheria nyingine ya hati na vibali, iliyokazwa mwaka 1948, ambapo shamba la mlowezi na kampuni viliandikiwa haki ya maji kwa ujazo, ilhali haki za wenyeji ziliachwa ziendelee kwa desturi bila kuandikwa. Mwanzoni mpango huo ulionekana kuwa wa heshima kwa mila. Athari yake ilidhihirika baadaye, pale aliyeandikwa alipoweza kuionyesha mahakama karatasi na asiyeandikwa akabaki na ushahidi wa babu zake.

Uhuru wa Tanganyika uliambatana, kwa sadfa, na mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa katika karne hiyo. Vuli ya 1961 ilifurika karibu Afrika Mashariki nzima, na kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2, likakaa juu kwa miaka mingi. Ni katika muongo huohuo ambapo bonde la Pangani lilipata sura yake ya sasa. Kituo cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964. Katikati ya muongo huo likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, mahali ambapo mto Kikuletwa, unaobeba maji ya Meru na magharibi mwa Kilimanjaro, hukutana na Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe mpakani mwa Kenya. Bwawa hilo, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo zaidi ya bilioni moja, lilikusudiwa kulainisha mtiririko wa mto, ili maji ya masika yatumike kiangazi katika mitambo ya chini, pamoja na mtambo wake mdogo wa megawati 8. Wavuvi walimiminika kutoka pande zote na vijiji vikaota ukingoni, ingawa neema ya samaki ya miaka ya mwanzo haikudumu.

Nyumba ya Mungu, kwa maana fulani, ni ndiva kubwa iliyowekwa chini ya mlima badala ya juu yake, na tofauti hiyo ya mahali ilibeba madhara. Ndiva huhifadhi maji ya usiku mmoja katika hewa ya baridi. Bwawa hili lina kina kifupi, limetandazwa kwenye tambarare ya joto na upepo, na kila mwaka sehemu kubwa ya maji yake hupaa kuwa mvuke. Chini ya bwawa, kinamasi cha asili cha Kirua, ambacho zamani mafuriko ya masika yalikijaza maji na kukipa samaki na malisho ya ng'ombe, kilisinyaa baada ya mafuriko hayo kufugwa. Mbali zaidi, mdomoni mwa mto katika mji wa Pangani, maji ya chumvi yaliingia ndani zaidi mtoni kadiri nguvu ya maji matamu ilivyopungua. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililosababishwa na mvua peke yake, lakini yote yalizidi makali katika miaka ambayo mvua haikufika kiwango kilichokadiriwa.

Miaka hiyo haikuchelewa kuja. Mwaka 1974, wakati ukame ulipoiumiza nchi nzima, Bunge lilipitisha sheria iliyoyafanya maji yote kuwa mali ya umma chini ya Jamhuri na kuhitaji kibali kwa kila matumizi yaliyo nje ya mahitaji madogo ya nyumbani. Kwa sheria hiyo mfongo uliochimbwa na babu ukawa, usipoandikishwa, matumizi yasiyo na kibali. Kwa miaka mingi hakuna aliyeifuatilia kwa dhati, na mlimani mambo yaliendelea kama kawaida.

Mfano unaofundisha zaidi katika kipindi hicho ni skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini, iliyojengwa kwa msaada wa Japani katika tambarare za Mabogini na Chekereni na kukamilika mwaka 1987. Skimu hiyo ilichukua maji ya mto Rau na chemchemi za Njoro, ikayapitisha kwenye mifereji ya zege hadi kwenye majaruba ya mpunga yaliyosawazishwa kwa mashine, na ilikusudia kunywesha hekta zipatazo 2,300, ambapo hekta 1,100 zingekuwa za mpunga. Mavuno ya mwanzo yalikuwa makubwa kwa kipimo cha Tanzania, na sifa zake zikaenea. Jambo ambalo wapangaji hawakulipa uzito ni kwamba mpunga hauna siri: wakulima walioishi juu ya mabanio, nje ya mipaka ya skimu, waliona bei yake, wakajifunza mbinu zake kutoka kwa jirani zao, wakaanza kulima majaruba yao wenyewe kwa maji yaleyale kabla hayajafika kwenye mfereji wa zege. Baada ya miaka michache eneo la mpunga ndani ya skimu lilipungua kwa sababu maji hayakutosha, huku nje yake mpunga ukistawi.

Maofisa waliwaita wakulima wa juu wavamizi wa maji. Jina hilo lilikuwa na haki kidogo na dhuluma kidogo ndani yake. Ni kweli kwamba hawakuwa na vibali. Lakini skimu ilikuwa imepewa maji kwa hesabu iliyochukulia kwamba wao wangebaki wakulima wa mahindi milele. Mvua zilipokuwa nzuri ugomvi ulipoa, na zilipopungua ulirudi, kiasi kwamba mtu angeweza kuisoma hali ya masika kwa kuhesabu mashauri yaliyofikishwa kwa mkuu wa wilaya. Upungufu wa mvua ulikuwa uleule kwa wote. Kiu haikuwa ileile.

Mwaka 1991 iliundwa Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, ya kwanza ya aina yake nchini, na wakati wake haukuwa wa bahati nasibu. Serikali ilikuwa ikijiandaa kujenga, kwa fedha za nchi za Nodiki, mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani wenye megawati 68, uliokamilika katikati ya miaka ya 1990, na wafadhili walitaka uhakika kwamba maji yangefika. Ofisi ilianza kuandikisha mifereji, kutoza ada za matumizi ya maji na kuweka milango ya kudhibiti kwenye mabanio, na katika baadhi ya maeneo milango hiyo haikukaa muda mrefu kabla ya kung'olewa. Wazee wa mifongo hawakupinga kwamba maji yanapaswa kugawanywa, kwani kugawa maji ndiyo iliyokuwa kazi yao. Walichokataa ni kulipia maji ambayo, kwa ufahamu wao, serikali haikuyaleta, katika mfereji ambao serikali haikuuchimba.

Kisha mvua zikaonyesha uwezo wake wa kuyumba. Vuli ya 1996 ilishindwa, na mwaka 1997 nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Mwishoni mwa mwaka huohuo El Niño, yaani joto lisilo la kawaida la maji ya Bahari ya Pasifiki, iliungana na hali inayofanana nayo katika Bahari ya Hindi, ambapo maji ya upande wa Afrika huwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, na mvua zikafurika hadi barabara na madaraja yakasombwa. Wanasayansi waliieleza hali hiyo ya pili kwa kina mwaka 1999 na kuipa jina la dipoli ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2005 vuli ilikosekana tena, na mwaka 2006 mgawo wa umeme ukawa mkali kuliko wa awali. Katika kila ukame, magazeti na maofisa walitaja umwagiliaji wa mlimani miongoni mwa sababu za giza la mijini, ingawa sehemu kubwa ya umeme wa maji wa nchi ilitoka katika mabwawa ya Mtera na Kidatu, kwenye bonde la Rufiji, ambako hakuna mfongo wa Mchaga hata mmoja.

Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 21 mjadala ulihamia kwenye barafu. Eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipimwa kuwa takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia mwaka 2011 lilikuwa chini ya kilomita za mraba 2. Picha za kilele kinachovuliwa kofia yake zikasambaa duniani kote, na pamoja nazo dhana kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Dhana hiyo ina nguvu kwa macho kuliko kwa hesabu. Barafu iliyobaki ni ndogo, na sehemu yake kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja katika hewa kavu ya kileleni bila kuwa maji. Chemchemi za chini, zikiwemo zile za Nsere na Shiri zinazohudumia mji wa Moshi, hutegemea hasa mvua inayonyesha msituni na kuzama katika miamba. Kinachopaswa kutia hofu zaidi ni moto. Katika mpaka wa juu wa msitu, miti iliyofunikwa na kuvumwani hukamua ukungu na kuudondosha kama mvua ambayo kipima mvua hakiioni, na tangu miaka ya 1970 mioto ya mara kwa mara, iliyochochewa na hali ya ukavu, imeushusha mpaka huo kwa mamia ya mita. Maji yaliyopotea kwa njia hiyo yanakadiriwa kuzidi mchango wote wa barafu, lakini msitu unaoungua haupigwi picha na watalii kama kilele kinavyopigwa.

Kuhusu mvua zenyewe, kumbukumbu za miongo ya karibuni hazinyooki. Kuanzia miaka ya 1980 masika ya Afrika Mashariki ilielekea kupungua, hasa kwa kuchelewa kuanza na kuwahi kukoma, wakati vielelezo vya kompyuta vya hali ya hewa vinavyotumika kutabiri karne hii vinaelekea kuonyesha ongezeko, na watafiti wameupa mgongano huo hadhi ya kitendawili. Masika ya 2018 na ya 2020 zilikuwa kubwa. Vuli ya 2019, chini ya dipoli kali ya Bahari ya Hindi, ilileta mafuriko. Kwa mwenye ndiva, jumla ya mwaka haina maana kubwa ikiwa milimita zilezile zimenyesha kwa siku chache badala ya wiki nyingi, kwa kuwa mvua ya namna hiyo hukimbia juu ya ardhi badala ya kuzama, huijaza ndiva tope badala ya maji, na kulibomoa banio ambalo limetoka kukarabatiwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ndiva kadhaa za Upareni zilikarabatiwa kwa saruji kupitia mradi wa umwagiliaji wa asili uliosaidiwa na Uholanzi. Ndiva ya saruji haivuji, jambo linalomfurahisha mwenye shamba lililo karibu. Aliyekuwa akilima bondeni kwa unyevu wa mvujo wake hakuombwa maoni.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zilibadilisha mpangilio wa vipaumbele kwa namna ambayo wahandisi wa miaka ya 1930 wasingeitambua: kwanza maji ya kunywa na ya nyumbani, kisha kiasi kinachopaswa kubaki mtoni kwa ajili ya uhai wa mto wenyewe, na ndipo zifuate shughuli za uchumi, umwagiliaji na umeme zikiwa miongoni mwake. Jumuiya za watumia maji zimeundwa kwa kila kijito, na katika nyingi kati yao mwenyekiti ni yuleyule ambaye, katika mfumo wa koo, angekuwa mzee wa mfongo. Mpangilio mpya wa vipaumbele umekwisha kuonekana pia katika zege na mabomba: mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ulioanza kujengwa katika miaka ya 2010 na kuzinduliwa mwaka 2025 baada ya kucheleweshwa kwa muda mrefu, huyavuta maji kutoka Nyumba ya Mungu, huyasafisha na kuyapandisha hadi kwenye matangi yaliyo miguuni mwa Milima ya Upare, katika miji ya kivuli cha mvua. Bwawa lililojengwa ili maji yashuke kwenye mitambo ya Hale na Pangani sasa hutumia umeme kuyapandisha, na ukame mkubwa ujao utakuwa wa kwanza kuukuta mradi huo ukiwa kazini.